Mabango ya zamani ya reli za Uingereza yamejaa miji mikongwe, mbona treni yenyewe haionekani?

#1 FundiWaya

Wakuu salaam. Wiki iliyopita nilikuwa na kazi ya kubadilisha waya kwenye hoteli moja hapa Dar, ghorofa ya pili. Korido yote wameijaza mabango ya zamani ya reli za Uingereza, yametiwa fremu, ya miaka ya 1920 na 1930. York, Cambridge, Durham, Chester, Bath. Kanisa kubwa, ukuta wa mawe, mto, mabibi wenye kofia. Chini kuna herufi za kampuni za reli: LNER, LMS au GWR.

Nimekaa juu ya ngazi siku mbili nikitazamana nayo uso kwa uso, kwa hiyo nimehesabu. Mabango 11, treni sifuri. Hata reli hakuna.

Sasa kampuni inamlipa mchoraji, inamlipa mpiga chapa, inabandika bango stesheni, halafu kitu inachouza haikionyeshi? Mwenye daladala akitaka bango ataanza na daladala yake. Nilimuuliza meneja akanijibu "hayo ni mapambo tu fundi, maliza soketi". Wajuvi mnijuze.

#2 Chai Rangi

Maliza soketi kwanza.

#3 Kachero72

Kabla watu hawajaanza kubahatisha, tuweke msingi. Baada ya vita ya kwanza Uingereza ilikuwa na kampuni za reli zaidi ya 100. Sheria ya 1921 ikazibana ziwe nne, na tarehe 1 Januari 1923 zikaanza kazi: LNER upande wa mashariki, LMS katikati na kaskazini magharibi, GWR magharibi, SR kusini. Januari 1948 serikali ikazitaifisha zote. Kwa hiyo ukiona LNER chini ya bango la zamani, hilo ni la kati ya 1923 na 1947, halitoki nje ya hapo. GWR usiitumie kupimia umri, jina hilo lilikuwepo tangu karne ya 19.

Jibu la swali lako ni rahisi. Hauzi treni, unauza York. Hakuna mtu anayekata tiketi kwa hamu ya kukalia benchi la behewa. Anakata kwa sababu ya kule aendako.

#4 Mjukuu wa Gadi

@Kachero72 hapo "hakuna mtu" umeteleza. Babu yangu alikuwa gadi enzi za East African Railways and Harbours, na mimi nimekulia Voi. Jioni watu walikuwa wanakuja stesheni bila safari yoyote. Wamevaa vizuri kabisa. Wanasimama, treni inaingia, wanatazama, inaondoka, wanarudi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu. Bango lenye picha ya injini pale Voi lingeibiwa usiku wa kwanza.

#5 Leeds Baridi

Niko kaskazini mwa Uingereza mwaka wa tisa, York ni mwendo wa nusu saa tu kwa treni kutoka kwangu. Kila mgeni akija kutoka nyumbani nampeleka huko, na kila mgeni naye anataka kupigwa picha juu ya ule ukuta wa mji.

Maoni yangu: treni za wakati ule zilikuwa chafu. Makaa ya mawe, ndugu zangu. Ukifungua dirisha unaingia handakini na shati jeupe, unatoka na la kijivu. Bibi mwenye kofia hapo kwenye bango asingefika na kofia hiyo ikiwa safi. Mchoraji amekuonyesha umeshafika na umeshaoga.

Lakini kuna jambo jingine linalonichekesha kila nikipita. Ukitoka stesheni ya York unaona ukuta ule una matao makubwa chini yake. Hayo si ya wafalme. Ni ya reli. Stesheni ya mwanzo, iliyofunguliwa 1841, ilijengwa ndani ya ukuta, kwa hiyo wakautoboa ili treni iingie. Ya sasa, ya 1877, iko nje. Yaani waliovunja ukuta ndio baadaye wakachapisha mabango ya kukuita uje kuutazama.

#6 Mwanakilindini

#5 hiyo nimeipenda. Mwizi anakuuzia ramani ya nyumba aliyoiba.

#7 Kachero72

York si peke yake. Berwick, mpakani mwa Uskoti, ni balaa zaidi: stesheni ya 1846 imekaa pale pale palipokuwa na ukumbi mkuu wa ngome ya Berwick. Walibomoa ngome wakaweka jukwaa la abiria. Conwy kule Wales reli inapita kwenye tao lililotobolewa katika ukuta wa mji, na daraja la chuma la Robert Stephenson la 1848 limebanana na kasri la karne ya 13.

@Mjukuu wa Gadi, Voi ya babu yako treni ilikuwa kitu kigeni. Waingereza wa 1930 walikuwa na treni za abiria kwa miaka 100 kamili, toka njia ya Liverpool na Manchester ya 1830. Kwao treni ilikuwa kama bomba la maji. Nani anabandika picha ya bomba?

#8 Chai Rangi

DAWASA wangelibandika siku likitoa maji.

#9 Mpiga Chapa

Salamu kwenu. Nimefanya kazi ya chapa miaka 34, Nairobi na baadaye Arusha, acheni niseme upande wa kiwandani maana wote mnaongea kama bango lilidondoka kutoka mbinguni.

Mabango yale ni litografia. Kila rangi ina jiwe lake au bamba lake la zinki. Rangi nane, mabamba nane, na karatasi inapita mashinini mara nane. Ikisogea unywele mmoja mara ya tano, buluu inatoka nje ya mstari na umetupa kazi yote ya mara nne za kwanza. Sasa fikiria injini ya mvuke: mabomba, misumari ya ribiti, vyuma vya kuzungusha magurudumu, namba. Na umma wa Uingereza una watu wanaojua injini kwa namba kama nyinyi mnavyojua wachezaji wa Simba na Yanga. Kosea tairi moja uone barua. Kanisa kuu ni mawe na kivuli. Ukikosea dirisha moja kati ya mia, hata askofu hatagundua.

Ndiyo maana mchoraji kama Tom Purvis wa LNER alikwenda njia yake mwenyewe. Rangi bapa, hakuna mistari ya nje, uso wa mtu hauna hata pua. 1931 alitoa mabango sita ya pwani ya mashariki, ukiyapanga ubavu kwa ubavu yanakuwa picha moja ndefu. Mpiga chapa anayapenda mabango ya namna ile. Fred Taylor, aliyechora York, Cambridge na Durham, alikuwa kinyume chake. Yeye ni mtu wa majengo, kila jiwe analo. Hapo mwenye bamba anatoka jasho.

Pia kuna suala la umri. Injini zinabadilika, mavazi ya abiria yanabadilika. Kanisa la York limesimama toka karne ya 13. Bango lake laweza kukaa ukutani miaka na hakuna atakayesema limepitwa.

#10 FundiWaya

Ahsante mzee #9, hapo nimepata darasa. Swali dogo: nitajuaje kama yale ya hotelini ni ya asili au kopi? Meneja anasema "original".

#11 Mpiga Chapa

Chukua lenzi ya kukuzia, hata ile ya kusomea mita. Tazama sehemu ya anga. Ukiona vidoti vidogo vya rangi nne vimepangwa kama mchwa, hiyo ni kopi ya ofseti. Litografia ya kweli itaonyesha rangi iliyotulia, au chembechembe zisizo na mpango, kama chaki kwenye ukuta. Halafu pima. Saizi zao kuu mbili: bango la wima sentimita 64 kwa 102, na la ulalo 102 kwa 127. Soma pia ukingo wa chini, jina la mpiga chapa lazima liwepo kwa herufi ndogo. Wauza kopi wengi hukata ukingo huo. Mimi huwa nauchukulia kama tusi.

#12 Bi Kizee wa Malindi

Mwaongea reli, na sie Unguja mwatusahau. Tulikuwa na treni yetu, ikianzia mjini upande wa Ngome Kongwe hadi Bububu, maili saba, toka 1905. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani. Nyanya yangu akisema ikipita karibu na milango hata waweza kumpa mtu kikombe cha kahawa. Abiria wakaacha kubebwa 1922. Mji Mkongwe ukawa na treni ndani yake, na bango halikuwa na haja, treni yenyewe ikipita ndo tangazo.

#13 Popobawa Mstaafu

Na ndiyo maana pakaitwa Bububu, kwa mlio wa treni. Bu-bu-bu!

#14 Bi Kizee wa Malindi

La hasha, we mwana! Hilo wanaambiwa watalii. Bibi Salme, binti wa sultani, alikuwa na nyumba Bububu kabla hajaondoka Unguja 1866. Treni imekuja 1905. Mlio huo waliusikia wapi, ndotoni? Wazee wetu wakisema ni chemchemi, maji yakibubujika.

#15 Popobawa Mstaafu

Nimestaafu tena.

#16 Kachero72

Kurudi kwenye mada. Kuna sababu ya fedha ambayo hakuna aliyeitaja. Mabango mengi hayakulipwa na reli peke yake, halmashauri za miji zilichangia. Blackpool walipata ruhusa ya Bunge 1879 kutoza kodi ya mji kwa ajili ya matangazo, wakatamba peke yao miaka na miaka. Halafu sheria nyingine ya 1921, si ile ya reli, ikairuhusu miji ya mapumziko na ya maji ya tiba itumie sehemu ya mapato yake, mfano ya viti vya kukodisha ufukweni, kujitangaza. Sasa diwani ametoa fedha ya mji wake, utamletea picha ya injini ya kampuni? Anataka mnara wake uonekane.

#17 Mwalimu wa Tabora

@Kachero72 umejenga vizuri lakini msingi uko kando. Blackpool ni mji wa bahari. Na sheria uliyoitaja ni ya miji ya mapumziko na maji ya tiba. Bath nakukubalia, ina chemchemi toka enzi za Warumi. York ina maji gani ya tiba? Durham je? Mtoa mada ameuliza miji mikongwe.

#18 Kachero72

Nimekubali nusu. Nusu nyingine naificha.

#19 Leeds Baridi

Tukiwa kwenye miji ya bahari, kuna bango maarufu kuliko yote hapa, la Skegness la 1908. Mvuvi mnene mwenye buti na sweta anarukaruka mchangani, akiwasifia watu upepo wa pale, kwa maana ya kistaarabu kwamba kuna baridi kali. John Hassall alilipwa pauni 12 kulichora, na Skegness kwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga. Alifika mara ya kwanza 1936.

#20 Kachero72

Gini 12, si pauni. Gini moja ni shilingi 21, kwa hiyo ni pauni 12 na shilingi 12. Shilingi 12 za 1908 mtu hasamehi.

#21 Chai Rangi

Huyu mtu akifa atasahihisha tarehe kwenye kaburi lake.

#22 Mwanakilindini

Sasa mie niseme la kwetu. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Mombasa ina Fort Jesus ya 1593, ina Mji wa Kale, ina misikiti ya karne na karne. Ukitafuta bango lao la zamani lijulikanalo zaidi, lile la mwanzoni mwa karne iliyopita, lasemaje? Kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki zimekuwa mtindo kwa makabaila, mahali pa kukimbilia majira yao ya baridi. Wawindaji waje, wapenda viumbe waje. Wanyama wamejaa bangoni. Mji haupo! Mombasa ilikuwa pa kushukia meli, basi.

Yani York waliuza ukuta wa York, na sisi wakauza twiga. Miji yetu waliikuta, hawakuiona. Hilo ndilo linaloniuma mimi, si treni kuwepo au kutokuwepo.

#23 Mjukuu wa Gadi

#22 imeniingia. Lakini tazama jambo: bango hilo hilo linajisifu kwamba mabehewa ya Reli ya Uganda yenye sehemu ya kutazamia yanapita katikati ya hifadhi kubwa ya asili ya wanyama kuliko zote duniani. Hapo treni ndiyo inauzwa! Unakaa ndani, simba yuko nje. @Kachero72 ulisema hakuna anayekata tiketi kwa hamu ya behewa. Kabaila alikata.

#24 Kachero72

Kwa sababu nje ya behewa kulikuwa na simba. Wale wa Tsavo mwaka 1898 walikuwa wanaingia hadi ndani ya mahema ya wajenzi wa reli.

#25 Mwalimu wa Tabora

Hilo la #22 liongezewe hili: karibu miji yetu yote mikongwe reli iliikwepa. Kilwa hakuna, Lamu hakuna. Bagamoyo ndiyo uchungu zaidi, mwisho wa njia ya misafara ya karne ya 19, lakini Mjerumani akaanza Reli ya Kati Dar es Salaam 1905, Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Bagamoyo ikabaki na milango yake ya nakshi.

Lakini Tabora tulipata, na Ujiji iko jirani kabisa na Kigoma. Ningepewa bango nichore, ningeweka mwembe mmoja wa zamani wa njia ya misafara, na tembe la Kwihara alilokaa Livingstone, tena kwa mbali. Mwembe mbele. Treni nisingeiweka, maana abiria wa Reli ya Kati anaijua treni vya kutosha. Amekaa nayo siku mbili.

#26 Chai Rangi

Na asali. Bango la Tabora bila asali ni ulaghai.

#27 Mwalimu wa Tabora

Asali ingekuwa kwenye ndoo, dirishani, inauzwa. Hapo hata treni ningeiweka.

#28 Leeds Baridi

Wakuu, jana nilikuwa na zamu ya usiku nikapata muda, na nina la kuharibu uzi huu: mabango yenye treni YAPO. LNER walitoa kadhaa ya Flying Scotsman, treni yao ya London hadi Edinburgh. GWR walikuwa na lile la Charles Mayo la 1939, injini inakuja kwako kasi, ujumbe ni mwendo wa kwenda magharibi. SR walikuwa na lile la 1936 la mtoto mdogo na mkoba wake anaongea na dereva aliye juu ya injini, picha yake ilipigwa stesheni ya Waterloo 1924. Na British Railways baada ya vita walimtumia Terence Cuneo, huyo alikuwa hachori kingine akiachiwa.

Kwa hiyo swali la #1 lipinduliwe. Kwa nini treni inaonekana kwenye mabango ya mwendo, lakini kwenye ya miji mikongwe inafichwa?

#29 Mjukuu wa Gadi

Na Ufaransa? Nakumbuka bango moja la treni ya Ulaya kaskazini, injini kama mshale mweusi.

#30 Mpiga Chapa

Hiyo ni Nord Express ya mchoraji Cassandre, 1927. Injini na nyaya za simu, na majina tu ya miji chini. Mwaka huo huo akatoa la pili, Étoile du Nord, ambalo halina injini wala mji. Ni reli tupu zinakimbilia upeoni na nyota juu yake. Ukilitazama dakika moja unataka kuondoka nyumbani. Nimejaribu maisha yangu yote kutengeneza kalenda moja yenye nguvu hiyo, wateja wakaniambia niongeze picha ya mkurugenzi.

#31 Bi Kizee wa Malindi

Pole mwanangu.

#32 Mwanakilindini

#28 na #7 ukiyaunganisha yanaleta kitu. Treni ikiwa mpya huonyeshwa, ikizoeleka hufichwa. Miaka ya 1930 LNER wakatoa injini zilizochongwa kama ndege, Mallard ikapiga maili 126 kwa saa Julai 1938, treni zikarudi mabangoni. Tazameni SGR zetu. Ya Mombasa na Nairobi toka 2017, ya Dar na Morogoro toka Juni 2024. Matangazo yake ni treni, treni, treni. Mji hauonekani. Miaka 50 ijayo tutachora Fort Jesus na kuificha SGR.

Japo kuifikia Fort Jesus kutoka stesheni ya SGR ya Miritini, utapanda chombo kingine kwanza.

#33 Popobawa Mstaafu

Nimerudi. Mimi nasema ni hofu ya washindani. Oxford ilifikiwa na GWR na LMS pia. Ukichora injini ya kijani ya GWR, huwezi kuliuza bango hilo kwa mwenzako. Ukichora minara ya vyuo tu, mnachangia gharama na mnaweka nembo mbili chini. Yapo mabango ya kampuni mbili mbili kabisa.

#34 Kachero72

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Popobawa. Naomba mods muufunge uzi.

#35 Mwalimu wa Tabora

Usifungwe kwanza. Kuna upande wa giza. Aprili 1942 Wajerumani walianza kushambulia kwa ndege miji mikongwe ya Uingereza: Exeter, Bath, Norwich, York, halafu Canterbury. Miji isiyo na viwanda vikubwa vya vita. York ilipigwa usiku wa kuamkia Aprili 29, stesheni ikaungua, na injini moja ya zile zilizochongwa, Sir Ralph Wedgwood, ikaharibika kabisa. Naona mabango haya yaliifanya miji hiyo ijulikane mno.

#36 Kachero72

Mwalimu, hapo pole pole. Mashambulizi hayo yanaitwa kwa jina la Baedeker, vitabu vya mwongozo wa watalii vya Kijerumani, si kwa jina la bango. Na yalikuwa kisasi. Mwezi mmoja kabla Waingereza walikuwa wameichoma Lübeck, nayo mji mkongwe wa mbao. Mjerumani hakuhitaji bango la LNER kuijua York.

#37 Mwalimu wa Tabora

Sikusema walihitaji. Nimesema kitabu cha mwongozo na bango ni mtoto wa baba mmoja. Na vita ilipoanza, reli zile zile zilizokuwa zinawabembeleza watu wasafiri zikabandika mabango ya kuuliza: je, safari yako ni ya lazima kweli? Frank Newbould, aliyekuwa mmoja wa wachoraji wa LNER, akahamia kazi za Wizara ya Vita. 1942 akatoa mfululizo wa mandhari, vilima vya South Downs, kanisa kuu la Salisbury, ujumbe ukiwa hii ndiyo Uingereza yako, ipiganie. Mkono ule ule, na rangi ni zile zile bapa. Ukiondoa maandishi huwezi kujua lipi lilikuwa la likizo na lipi la vita.

Hiyo ndiyo sababu yangu mimi ya treni kukosekana. Waliokuwa wanayatazama mabango yale ni watu wa Leeds, Sheffield, London, wenye moshi vichwani wiki nzima. Waliuziwa nchi isiyo na moshi. Injini ingewakumbusha Jumatatu.

#38 Leeds Baridi

Mwalimu hapo umenigusa, mimi ni mtu wa Leeds na Jumatatu yangu ni kesho.

#39 Mpiga Chapa

Mwalimu ameeleza vizuri kuliko mimi, ila nabaki na bamba langu la zinki. Watu husahau kwamba mambo mengi ya sanaa huamuliwa na bei ya kazi. Halafu LMS, 1924, Norman Wilkinson aliwakusanya wachoraji wa Royal Academy, watu wa mafuta na turubai, wasiojua chapa. Unadhani hao walitaka kuchora ribiti? Walileta mandhari waliyoyazoea. Huyo Wilkinson mwenyewe ndiye aliyebuni yale michoro ya mistari kwenye meli za vita mwaka 1917 kuzikwepesha na nyambizi.

#40 Chai Rangi

Basi tumempata. Ndiye aliyezificha treni.

#41 Kachero72

Mistari ile haikuificha meli. Ilimchanganya nahodha wa nyambizi asijue meli inaelekea wapi na kwa mwendo gani.

#42 Chai Rangi

Kama uzi huu.

#43 FundiWaya

Wakuu nimerudi. Leo nilikwenda kumalizia soketi (ndiyo, #2, zimekwisha) nikabeba lenzi na futi. Matokeo:

Mabango 10 ni sentimita 50 kwa 76, anga imejaa vidoti vya mchwa, ukingo wa chini umekatwa. Mzee #11 pokea saluti. Meneja sijamwambia, bado sijalipwa.

La 11 liko mwisho wa korido karibu na choo. Hilo ni 102 kwa 127. Sikuona vidoti, rangi imelala kama chokaa. Fremu yake imebana mno, imefunika maandishi yote ya chini na jina la mji pia. Kuna mto, kuna ukuta, kuna minara miwili, kuna mtu kashika ndoano ya samaki. Na nyuma kabisa ya ukuta, upande wa kulia, kuna kijimstari cheupe cha moshi kimelala kwa ulalo. Siku zile juu ya ngazi sikukiona, nilikuwa nakitazama kwa juu.

Sasa huo ni moshi wa treni au jiko la mtu?

#44 Mjukuu wa Gadi

Umelala kwa ulalo? Treni hiyo! Jiko linapanda juu.

#45 Bi Kizee wa Malindi

Jiko likipigwa na upepo nalo moshi wake walala. Njoo Malindi mwezi wa saba nikuonyeshe.

#46 Leeds Baridi

Mto na minara miwili upande mmoja? Isije ikawa Durham. Pale kuna daraja la reli la matao la 1857 linapita juu ya mji. Weka picha.

#47 Kachero72

Durham ina minara mitatu. Miwili mbele, mmoja mkubwa katikati.

#48 Leeds Baridi

Ukisimama chini mtoni, mmoja unaweza kujificha.

#49 Mpiga Chapa

Fundi, usiiguse fremu. Nasema tena usiiguse, karatasi ya miaka 90 ikivuta unyevu wa Dar inachanika kama mkate wa kumimina. Omba kwa adabu waifungue kwa nyuma, tusome jina la mpiga chapa.

#50 FundiWaya

Nimeomba. Meneja alinikuta nimebandika jicho ukutani karibu na choo, akaniuliza kama kuna waya umeungua humo. Nimemwambia nafuatilia moshi. Ameniita tena Alhamisi, nakuja na picha.